Kukagua Kazi ya Waganga Wanafunzi

Mwaka 1984 msichana wa miaka 18 alipokelewa usiku, ana homa, katika hospitali moja mjini New York, Marekani, asubuhi akafa. Waliomtunza walikuwa waganga wangali wakijifunza. Na mkubwa wao walisema kwa simu tu.

Basi tukikagua kazi ya namna hii, twatazama daftari: mgonjwa alifika saa ngapi, alipewa dawa gani, na (hili ndilo husahauliwa) mwalimu alikuja mwenyewe lini? Tusipouliza hivyo, twamhukumu mwanafunzi peke yake. Halmashauri ya Daktari Bertrand Bell iliuliza. Mwaka 1989 sheria ya jimbo lile ikaagiza wakubwa wawepo, na wanafunzi wasipite saa 80 kwa juma, wala 12 mfululizo katika vyumba vikubwa vya wagonjwa wa ghafula.