SOMO LETU: MKOPO WA CHUO HUANZIA SANDUKUNI

Ndugu wasomaji, leo tujifunze juu ya mkopo wa chuo kikuu. Huenda mwenzetu mmoja atasema, "Mimi nimejua kusoma ukubwani. Mambo ya chuo kikuu yananihusu nini?" Yanatuhusu sana. Karatasi nyingi zinazotakiwa tunazo sisi wazazi. Zimo ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Nyingine hatujazichukua bado.

Tuanze na kisa. Mama mmoja jirani yetu alifiwa na mumewe. Siku ya msiba alipewa kibali cha mazishi. Akakikunja, akakitunza. Miaka ikapita. Binti yake akafaulu kidato cha sita, akawa anaomba mkopo wa chuo. Akaulizwa, "Cheti cha kifo cha baba kiko wapi?" Mama akatoa kile kibali. Loo! Kumbe kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Zilikuwa zimebaki siku sita tu maombi yafungwe. Mama alipanda basi kwenda wilayani mara mbili. Cheti kilipopatikana, maombi yalikuwa yamefungwa juzi yake. Binti akakaa nyumbani mwaka mzima, akilima dengu na mama yake. Mwaka uliofuata aliomba mapema, akapata. Lakini mwaka ule mmoja haukurudi.

Basi, kosa lilikuwa nini? Binti alisoma kwa bidii. Mama hakuwa mvivu. Walichokosa ni kujua mapema.

Mkopo huu ni nini?

Hapa Tanzania mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Mkopo si zawadi. Kijana akimaliza chuo na kuajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Tufanye hesabu. Mshahara ukiwa shilingi 600,000, makato ni shilingi 90,000. Tumweleze kijana jambo hili kabla hajatia sahihi.

Muda wa kuomba huitwa dirisha. Mara nyingi dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka, mwezi wa sita au wa saba, na hufungwa baada ya wiki kadhaa. Tarehe hubadilika. Tusishike tarehe ya mwaka jana. Tusikilize redio, tumwulize mwalimu, tumwulize mtendaji.

Tena kuna jambo hili: katikati ya mwaka vijana wengi waliomaliza kidato cha sita huwa wako kambini JKT. Kijana hayupo nyumbani kuhangaikia vyeti. Nani atahangaika? Ni sisi.

Mambo ya kutayarisha

1. Cheti cha kuzaliwa. Kinatolewa na RITA, na ofisi yake ipo wilayani. Kwa waliozaliwa Zanzibar ipo mamlaka ya kule. Kuwa na cheti peke yake hakutoshi. Lazima RITA wakihakiki, maana yake wathibitishe kuwa ni cha kweli. Maombi ya uhakiki hupelekwa kwa mtandao, na majibu huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo uhakiki ufanywe kabla dirisha halijafunguliwa.

2. Cheti cha kifo, kama mzazi mmoja au wote wamefariki. Nacho huhakikiwa na RITA. Mwenye kibali cha mazishi tu, aende wilayani mwezi huu huu, hata kama mtoto wake bado yuko darasa la tano.

3. Mdhamini. Huyu ni mtu anayekubali kusimama nyuma ya mwombaji. Anatakiwa kuwa na kitambulisho na picha ndogo ya pasipoti. Anatakiwa kutia sahihi. Tusimtafute mdhamini siku ya mwisho, tukakuta kasafiri kwenda mnadani.

4. Kwa kaya iliyo katika mpango wa TASAF, tutunze namba ya kaya. Kwa mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, ipo fomu ya kuthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Mambo haya husaidia Bodi kujua nani anahitaji zaidi.

5. Fedha. Kwa miaka mingi ada ya kuomba imekuwa shilingi 30,000, nayo hairudishwi. Hulipwa kwa namba ya malipo ambayo mwombaji hupewa na mtandao wa Bodi wenyewe. Hailipwi mkononi mwa mtu. Tuongeze na nauli, picha, kazi ya wakili na gharama za steshenari. Tukiuza debe la mahindi sasa hivi na kuweka akiba, hatutauza mbuzi kwa bei ya kutupa baadaye.

Makosa yanayotuponza

Kosa la kwanza ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema "Mashaka Juma Maganga." Cheti cha kidato cha nne kinasema "Mashaka J. Maganje." Sisi kijijini tunajua ni mtu yule yule. Mashine haijui. Tuweke vyeti vyote mezani, tusome herufi moja moja. Hapa ndipo kusoma kwetu kunafanya kazi! Majina yakitofautiana, twende mapema kwa wakili atueleze kiapo kinachotakiwa. Na mtoto akiandikishwa mtihani, tuhakikishe jina lake linaandikwa kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Kosa la pili ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Mfano tu: S0000/0007/2022. Sehemu ya kwanza ni ya shule, ya pili ni ya mwanafunzi, ya tatu ni mwaka wa mtihani. Namba aliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo aombee mkopo. Tarakimu moja ikikosewa, Bodi itashindwa kumtambua.

Kosa la tatu ni sahihi. Fomu ikishajazwa kwenye kompyuta hutolewa kwenye karatasi. Mwombaji anatia sahihi, mdhamini anatia sahihi, serikali ya kijiji au mtaa inatia sahihi na muhuri, na wakili au hakimu naye vivyo hivyo. Pengo moja tu linaharibu kazi yote.

Kosa la nne ni kuishia njiani. Karatasi zenye sahihi hupigwa picha kwa mashine na kurudishwa kwenye mtandao. Baada ya hapo lazima kubonyeza mahali pa kutuma. Wapo waliolipa ada, wakajaza kila kitu, wakaondoka steshenari bila kutuma. Hao hawajaomba. Kijana asiondoke mpaka aone kwa macho yake kwamba maombi yametumwa. Neno lake la siri aliandike na kulitunza mwenyewe, asimwachie mwenye duka.

Ndugu wasomaji, ngoja ngoja huumiza matumbo. Jioni ya leo, kabla taa haijazimwa, tufungue sanduku. Tuhesabu vyeti. Kilichopo tukiweke ndani ya mfuko wa nailoni kisiloane. Kisichopo tukiandike kwenye daftari, na pembeni yake tuandike siku tutakayokwenda kukitafuta.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kibali cha mazishi na cheti cha kifo vinatofautianaje?

2. Mtu analipwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Atakatwa shilingi ngapi kwa mwezi?

3. Katika kijiji chetu ni watoto wangapi hawana cheti cha kuzaliwa? Tufanye nini, na lini?