SOMO LA VIKUNDI: Usingizi, Burudani na Mzigo wa Mawazo

Soma kwanza: 1 Wafalme 19:1-18



Katika vikundi vyetu huwa tunaongea juu ya mbolea, maji na karo. Usingizi hatuugusi. Na mtu asiyelala hukasirika haraka, husahau mambo, na kazi humshinda. Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7 kila usiku. Mara nyingi kinachotunyima usingizi si shida peke yake, bali ni vile tunavyoibeba na vile tunavyotumia jioni yetu.

1. ELIYA JANGWANI
Eliya alikuwa ametoka kushinda katika mlima Karmeli. Yezebeli akatisha kumwua, naye akakimbia jangwani akaomba afe. Angalia alivyosaidiwa. Hakukemewa. Aliachwa alale, akaletewa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Baadaye ndipo Mungu akamwuliza anafanya nini pale, akamsikiliza, akampa kazi, na kumjulisha kwamba hakuwa peke yake, kulikuwa na watu 7,000 ambao hawakumwinamia Baali.

2. NJIA ZA KUKIMBIA SHIDA
Chukua baba ambaye karo imemshinda. Jioni anaenda kilabuni ili asahau. Pombe humlaza haraka, lakini ikianza kuisha mwilini usingizi hukatika. Saa 9 usiku yuko macho, na pesa zimepungua. Mwingine anatafuna miraa na wenzake. Miraa huchangamsha akili, kwa hivyo usingizi hauji. Kahawa na chai ya majani pia hukaa mwilini kwa masaa mengi.

Mama naye yuko kitandani na simu mpaka usiku wa manane, ama anazungusha shida ile ile kichwani bila kupata jibu. Asubuhi wote wawili wanateta, na karo bado haijalipwa.

3. NJIA ZINAZOSAIDIA
(a) Andika. Kabla ya kulala chukua dakika 5 uandike kazi za kesho. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kuwa walioandika hivyo walipata usingizi haraka kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza.

(b) Shika shida moja. Huwezi kulipa karo usiku. Kesho unaweza kwenda kwa mwalimu mkuu muongee juu ya kulipa kidogo kidogo.

(c) Chagua burudani inayokutanisha na watu au kuusogeza mwili: kwaya, mpira, kutembelea jirani. Mtu mwenye huzuni huacha mambo haya kwanza, na kuyaacha kunamzidishia huzuni.

(d) Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, ondoka. Keti mahali patulivu, urudi usingizi ukija. Asubuhi amka saa yako ya kawaida.

(e) Ongea na mtu. Shirika la Afya Duniani lilitayarisha mafunzo ya vikao 5: kupumua polepole, kutatua shida, kurudia shughuli zilizoachwa na kutafuta watu wa kukutegemeza. Wahudumu wa afya wa jamii waliyatumia Nairobi kwa wanawake wenye mzigo wa mawazo, wengi wao wakiwa wamepitia dhuluma. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: mzigo wao ulipungua.

4. ONYO
Huzuni au kukosa usingizi kukizidi wiki 2, nenda kituo cha afya. Huo si upungufu wa imani. Na mtu akisema amechoka kuishi, usimwambie tu aombe halafu uende zako. Eliya alisema hivyo hivyo. Kaa naye, msikilize, umpeleke kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Eliya alipewa chakula na usingizi kabla ya kuulizwa swali. Kwa nini?
2. Hapa kwetu watu hufanya nini jioni? Ni yapi yanayowaacha wakiwa wazima asubuhi?
3. Ni nani katika kikundi hiki hajaonekana siku nyingi? Nani atamtembelea, na siku gani?

KAZI YA WIKI: Kila mtu achague jambo moja katika sehemu ya 3, alifanye siku 7, kisha atueleze mkutano ujao.