Dawa ya Deni

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Lakini si kila malipo hupunguza deni. Tuseme mtu anadaiwa shilingi 600,000, na kila mwezi hutozwa riba ya 10 kwa mia ya deni lililosalia. Akitoa 60,000 tu, amelipa riba. Mwaka ukiisha ametoa 720,000, na deni li vile vile. Bali akitoa 120,000 kila mwezi, litakwisha mwezi wa 8. Nyongeza hiyo itatoka wapi? Mume na mke na waketi pamoja, waandike kila senti itokayo nyumbani. Chakula na dawa za watoto visiguswe. Nguo mpya na karamu zingoje. Wala wasikope kwingine, maana huko ni kuhamisha deni. Je, ndugu, nyumbani mwako ni kitu gani kiwezacho kungoja?