Kodi na Riba Limbikizi: Hesabu ya Miaka Thelathini

Mkulima wa Lusewa hahitaji kufundishwa tofauti kati ya nafaka ya kula na nafaka ya mbegu. Debe la mahindi lililoliwa limekwisha. Debe lililopandwa litarudi msimu ujao likiwa na wenzake. Ajuaye hivyo ameshajua nusu ya somo hili. Nusu iliyobaki ni hesabu, nayo ndiyo huwapotosha hata watu waliosoma.

Lusewa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Songea mpaka Wilaya ya Namtumbo ilipoundwa mwaka 2002. Katika sehemu hizo za Mkoa wa Ruvuma fedha ya mazao kama tumbaku ya moshi, korosho na ufuta huja kwa msimu, na baada ya hapo kaya hungoja mwaka mzima. Kwa hiyo swali la mahali pa kuiweka fedha isiyotumika leo si la watu wa mjini peke yao. Mwalimu wa sekondari anayeweka akiba kwa ajili ya uzeeni, na mkulima anayemwekea mtoto ada ya chuo, wote wawili huuliza jambo moja: baada ya miaka mingi fedha hii itakuwa kiasi gani, na kodi itachukua sehemu gani?

Tuanze na fedha isiyotozwa kodi. Chukua Sh. 1,000,000 zinazokua kwa asilimia 10 kila mwaka. Kiwango hiki kimechaguliwa kwa wepesi wa hesabu tu. Hakuna benki wala mfuko unaokiahidi kwa miaka 30. Katika riba sahili fedha hiyo ingezaa Sh. 100,000 kila mwaka, na baada ya miaka 30 jumla ingekuwa Sh. 4,000,000. Katika riba limbikizi, yaani riba inayozaa riba, kila mwaka jumla yote huzidishwa kwa 1.10. Ikiwa mtaji ni P, kiwango ni r na miaka ni n, jumla ya mwisho J hupatikana hivi:

J = P(1 + r)^n

Kwa miaka 30, 1.10 ikipandishwa kwenye kipeo cha 30 ni 17.4494. Milioni moja imekuwa Sh. 17,449,402. Zaidi ya milioni 13 kati ya hizo ni mazao ya riba yenyewe, si ya mtaji wa kwanza.

Sasa tulete kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 10 juu ya riba ambayo benki humlipa mkazi. Huitwa kodi ya zuio kwa sababu benki huizuia na kuipeleka Mamlaka ya Mapato kabla mwenye akiba hajaiona riba yake. Wengi wakisikia asilimia 10 hufikiri hivi: faida ingekuwa kama milioni 16.4, basi Serikali itachukua sehemu yake ya kumi, yaani milioni 1.6 hivi, nami nitabaki na zilizosalia. Fikra hiyo yaonekana kuwa ya haki kabisa, lakini si sahihi.

Kosa liko hapa. Kodi haikungoja mwaka wa 30. Imekatwa kila mwaka. Kila mwaka katika shilingi 10 za riba shilingi 1 imeondoka, na shilingi 9 tu zimerudi shambani kama mbegu. Kwa hiyo kiwango cha kukua si asilimia 10 tena, bali ni asilimia 9. Ikiwa t ni kiwango cha kodi:

J = P[1 + r(1 – t)]^n

Katika mfano wetu 1.09 hupandishwa kwenye kipeo cha 30, nayo ni 13.2677. Mwenye akiba anapata Sh. 13,267,678. Amekosa Sh. 4,181,724, ambazo ni zaidi ya asilimia 25 ya faida ambayo angeipata pasipo kodi. Kodi iliyoandikwa asilimia 10 katika sheria imemgharimu robo ya faida.

Upungufu huo hukua kadiri miaka inavyosogea, kama jedwali hili linavyoonyesha (kiwango asilimia 10, kodi asilimia 10 kila mwaka, mtaji Sh. 1,000,000):

Mwaka 1: bila kodi 1,100,000, kwa kodi 1,090,000, upungufu asilimia 10.0 ya faida
Miaka 10: bila kodi 2,593,742, kwa kodi 2,367,364, upungufu asilimia 14.2
Miaka 20: bila kodi 6,727,500, kwa kodi 5,604,411, upungufu asilimia 19.6
Miaka 30: bila kodi 17,449,402, kwa kodi 13,267,678, upungufu asilimia 25.4
Miaka 40: bila kodi 45,259,256, kwa kodi 31,409,420, upungufu asilimia 31.3

Mwanafunzi makini atauliza: je, Serikali imepokea hizo Sh. 4,181,724? Hapana. Riba halisi iliyobaki mkononi mwa mwenye akiba ni Sh. 12,267,678, nayo ni sehemu 9 katika 10 za riba yote iliyolipwa. Sehemu moja iliyokwenda kwenye kodi basi ni Sh. 1,363,075. Hizo ndizo shilingi zote zilizoingia Hazina katika miaka 30. Zilizobaki, Sh. 2,818,649, hazikuchukuliwa na mtu yeyote. Ni mazao ya mbegu ambazo hazikupandwa katika shamba hili. Mtu anayechukua kibaba cha mbegu mwezi wa Novemba hakuchukua punje tu. Amechukua na mashuke yake ya mwezi wa Juni, na mbegu za mashuke hayo kwa msimu utakaofuata. (Ni kweli pia kwamba Serikali iliyopokea kodi mapema yaweza kuipanda katika shamba lake, iwe barabara au maabara ya shule. Hesabu ya mwenye akiba haionyeshi mazao hayo, lakini haikatai kwamba yapo.)

Ili kuona uzito wa wakati, tubadili jambo moja tu. Kiwango cha kodi kibaki asilimia 10, lakini itozwe mara moja, mwishoni, juu ya faida yote:

J = P[(1 + r)^n (1 – t) + t]

Faida ya Sh. 16,449,402 ikikatwa sehemu yake ya kumi, kodi ni Sh. 1,644,940, na mwenye akiba anabaki na Sh. 15,804,462. Linganisha. Kwa njia hii amepata zaidi ya milioni mbili na nusu kuliko aliyekatwa kila mwaka, na Hazina nayo imepokea shilingi nyingi zaidi, ingawa imezingoja miaka 30. Kiwango ni kilekile. Kilichobadilika ni tarehe.

Hapo ndipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja inapoingia katika somo. Serikali ya Tanzania ilianzisha Dhamana ya Uwekezaji Tanzania, ijulikanayo kama UTT, mwaka 2003, na Mfuko wa Umoja ulianza kuuzwa kwa wananchi mwaka 2005. Tangu mwaka 2013 mifuko hiyo husimamiwa na UTT AMIS. Mwekezaji hununua vipande. Fedha za wengi hukusanywa na kuwekwa katika hisa, hati fungani na amana za benki. Na thamani ya kipande hupanda au kushuka kufuata thamani ya mali iliyomo. Mfuko wa ukuaji hauwagawii watu faida kila mwaka, bali huirudisha ndani. Mfuko wa gawio huitoa nje. Kwa mtu anayehitaji fedha ya matumizi, gawio ni jambo jema. Kwa mtu anayelenga miaka 30 mbele, kila gawio alilokula ni mbegu aliyoila, iwe limetozwa kodi au halikutozwa.

Kwa hiyo anayetaka kuijua akiba yake aangalie kodi imesimama katika mlango upi. Milango ni mitatu: wa kuingilia, wa kati na wa kutokea. Mshahara ukikatwa kodi kabla ya kuwekwa akiba, kodi imesimama mlango wa kuingilia. Riba ikikatwa kila mwaka, imesimama mlango wa kati. Kodi ikingoja siku ya kutoa fedha, imesimama mlango wa kutokea. Mlango wa kati ndio mzito kuliko yote, kwa kuwa hupitwa mara nyingi. Nchini Kenya, kwa mfano, riba ya mwekezaji mkazi katika mifuko ya soko la fedha hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, na fedha inayokua kwa asilimia 10 hukua kwa asilimia 8.5 tu.

Kuhusu milango miwili ya pembeni kuna jambo linalofurahisha katika hisabati yake. Tuseme kodi ya asilimia 10 inatozwa juu ya fedha yote inapoingia, kisha haitozwi tena. Milioni moja inakuwa 900,000, nazo zikizidishwa kwa 17.449402 ni Sh. 15,704,462. Sasa tuseme haitozwi kitu mlangoni, bali jumla yote, mtaji pamoja na faida, inakatwa asilimia 10 siku ya mwisho. Tunapata 17,449,402 mara 0.9, ambazo ni Sh. 15,704,462 zilezile. Haikuwa bahati. Mpangilio wa vizidishio haubadili jibu, kama mtoto wa shule ya msingi anavyojua. Wamarekani wana akaunti za uzeeni za namna zote mbili: iliyoanza kwa sheria ya mwaka 1974 hutoza mlango wa kutokea, na ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambayo huitwa kwa jina la Seneta William Roth, hutoza mlango wa kuingilia. Watu hubishana sana ipi ni bora. Ikiwa kiwango cha kodi hakibadiliki, ubishi huo hauna maana; hupata maana pale tu mtu anapotarajia kutozwa kiwango kingine uzeeni. Hapa Tanzania michango ya mfanyakazi katika mfuko wa pensheni ulioidhinishwa hutolewa kwanza, kabla kodi ya mshahara haijakokotolewa, na kwa hiyo huingia bila kuguswa katika mlango wa kwanza.

Kanuni hiihii huwahusu pia wanaotoza ada. Msimamizi wa mfuko akichukua asilimia 1 ya mali yote kila mwaka, wengi huona ni kidogo. Lakini mali ikikua kwa asilimia 10, ada hiyo huacha 1.10 × 0.99 = 1.089, yaani ukuaji wa asilimia 8.9. Ni nzito kuliko kodi tuliyoihesabu. Watu huilalamikia kodi na kuiacha ada ipite kimya, pengine kwa sababu ada huandikwa kwa herufi ndogo.

Limebaki jambo la mfumuko wa bei, na hilo ni kali zaidi. Kodi hutozwa juu ya riba iliyoandikwa, haiulizi bei ya sukari. Tuseme benki inatoa asilimia 6 na bei zinapanda kwa asilimia 5. Uwezo wa kununua umeongezeka kwa 1.06 ÷ 1.05, yaani chini kidogo ya asilimia 1. Baada ya kodi riba ni asilimia 5.4, na ongezeko la kweli linakuwa chini ya asilimia 0.4. Kodi ya sehemu moja katika kumi imemeza sehemu sita katika kumi za faida ya kweli. Na bei zikipanda kwa asilimia 5.5, mwenye akiba aliyekuwa na faida ndogo ameingia hasarani, lakini kodi amelipa. Katikati ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei nchini ulizidi asilimia 30 kwa mwaka. Waliokuwa na akiba katika vitabu vya benki wakati ule waliona tarakimu zikiongezeka na bidhaa zikipungua.

Walimu wanaotumia majedwali ya logi ya tarakimu nne watapata mfano mzuri wa ziada. Logi ya 1.10 ni 0.0414, mara 30 ni 1.2420, na jibu ni 17.46 badala ya 17.45. Logi ya 1.09 ni 0.0374, nayo hutoa 13.24 badala ya 13.27. Kosa lisiloonekana katika tarakimu ya tano limezidishwa mara 30 mpaka likaonekana. Asilimia moja ya ukuaji iliyokatwa hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe si kosa la jedwali.

Njia fupi ya kukisia ni kuigawa 72 kwa kiwango cha riba, nayo imo katika kitabu cha Mwitalia Luca Pacioli cha mwaka 1494. Kwa asilimia 10 fedha huongezeka maradufu kila miaka 7.2, kwa asilimia 9, kila miaka 8.

Mazoezi

1. Mwalimu anaweka Sh. 120,000 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 30. Onyesha kwamba kwa asilimia 10 atapata karibu Sh. 19,739,000, na kwa asilimia 9 karibu Sh. 16,357,000. Linganisha tofauti hiyo na jumla ya fedha alizotia mfukoni mwake. Kwa nini upungufu wake, kwa asilimia ya faida, ni mdogo kuliko wa yule aliyeweka milioni moja siku ya kwanza?

2. Rudia jedwali kwa kodi ya asilimia 15, miaka 30. (Jumla: karibu Sh. 11,558,000.)

3. Kwa kiwango cha asilimia 10 na kodi ya asilimia 10 kila mwaka, upungufu utafikia nusu ya faida katika mwaka wa ngapi? Tumia logi. (Jibu: mwaka wa 76.)

4. Thibitisha kwamba tofauti kati ya kutoza faida peke yake mwishoni na kutoza jumla yote mwishoni ni tP daima, hata miaka iwe mingapi.