SOMO: KUANDIKA YALE TULIYOJIFUNZA

Maandiko ya kusoma: Habakuki 2:2, Yakobo 1:22-25



Mafundisho yanapomalizika, mwalimu anaomba kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja juu ya yale aliyojifunza. Wengi wetu tunaogopa, ao tunanakili daftari lote. Leo tuone njia ya kuandika ukurasa huo.

1. Kwa nini tuandike?

Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikamatwa. Alikaa gerezani miaka 30, akafia Elisabethville (Lubumbashi ya leo) tarehe 12 Oktoba 1951. Ndugu waliokuwa naye waliandika kwa Kikongo yale waliyoyaona kwa macho yao. Kwa njia yao sisi tuliozaliwa nyuma tunajua mengi. Hawakutafuta sifa, walishuhudia.

2. Kunakili si kushuhudia

Mimi mwenyewe nilianguka hapa. Baada ya mafundisho ya mashemasi juu ya msamaha, niliandika kurasa nne safi. Mwalimu alinirudishia daftari na ulizo moja tu: «Na wewe, shemasi, uko wapi humu?»

Usiku ule sikulala. Kwa miaka miwili nilikuwa sisemi na ndugu yangu wa tumbo moja, sababu ya wavu alioazima kwangu na kuupoteza ziwani. Maandiko yote ya msamaha niliyajua, lakini jina la ndugu yangu halikuwa ndani ya kurasa zangu. Nilizipasua, nikaandika nusu ukurasa. Asubuhi nilishuka ziwani kumngoja, mitumbwi ikirudi. Hatukusema mengi. Tulibeba samaki pamoja mpaka kwake.

Yakobo anamfananisha msikiaji asiyetenda na mtu anayejitazama katika kioo, kisha anasahau sura yake. Ukurasa wako ni kioo kile. Usiandike sura ya mwalimu, andika yako.

3. Njia ya kuandika

Kanisa letu linatufundisha maneno matatu. Tuyafuate.

UPENDO: Neno gani liligusa moyo wangu? Chagua moja, si yote.

AMRI: Neno hilo linaniagiza ao kunikataza nini, mimi, hapa Kyavinyonge? Mvuvi atazame wavu wake: je, matundu yake madogo yanamaliza samaki wachanga? Mama anayeuza samaki atazame bei yake na madeni yake.

KAZI: Nitafanya nini, kwa nani, siku gani? Kusema «nitajikaza» hakutoshi.

Asiyejua kuandika aseme, na mtoto wa shule amwandikie. Makosa ya herufi yasikuzuie. Lakini siri ya mtu mwingine usiitie humo. Ungama makosa yako, si ya jirani.

Maulizo ya kujibu nyumbani:

a) Katika mafundisho ya mwisho, ni neno gani ulilisikia lakini hujalitenda?

b) Ni nani anayengoja ulitende?

Andika leo, weka tarehe. Baada ya mwezi mmoja soma tena, uone kama umetenda.

Mungu abariki mikono yetu. Amina.