Jaji anayeomba kura

WANAFUNZI wangu wa somo la Maarifa ya Uislamu huniuliza swali moja kila tunapofika kwenye mlango wa ukadhi: kama sharia inamkataza kadhi kupokea hata zawadi ya mtu mwenye kesi mbele yake, wenzetu wa Marekani wanawezaje kumchangia jaji fedha za kampeni? Swali ni zuri, na kulijibu kunahitaji kwanza tujue mahakama za huko zimepangwaje.

Tukisikia "mahakama za Marekani" tunawaza wale majaji 9 wa Washington wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Ndugu msomaji, hao ni wa serikali ya shirikisho. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina katiba yake na mahakama zake, na huko ndiko zinakoamuliwa kesi nyingi mno: mauaji, talaka, mirathi, mikataba. Kwa kawaida ngazi ni tatu: mahakama inayosikiliza mashahidi, ya rufaa, kisha mahakama ya juu ya jimbo.

Sisi Tanzania tumezoea jaji wa Mahakama Kuu kuteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kwao kila jimbo na lake. Virginia na South Carolina huchagua bunge. Texas mgombea ujaji husimama kwa tiketi ya chama, sawa na mbunge, na hutafuta wafadhili.

Matunda ya utaratibu huo yalionekana West Virginia. Mwaka 2002 jopo la raia liliiamuru kampuni ya makaa ya mawe ya A.T. Massey kulipa fidia ya dola milioni 50 kwa Hugh Caperton na kampuni zake. Kabla rufaa haijafika mahakama ya juu ya jimbo, ukaja uchaguzi wa 2004. Mkuu wa Massey, Don Blankenship, akatumia dola milioni 3 kumng'oa jaji aliyekuwepo na kumpigia debe wakili Brent Benjamin. Benjamin akashinda. Rufaa ilipokuja akaombwa ajitoe, akakataa. Mwaka 2007 fidia ikafutwa kwa kura 3 dhidi ya 2, na moja ya hizo 3 ilikuwa yake.

Shauri likapanda Washington. Juni 2009, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaamuliwa kuwa Benjamin alipaswa kukaa kando. Angalia jambo hili: hawakusema alihongwa. Walisema hatari ya kupendelea ilikuwa kubwa mno. Mwanafunzi wa fiqhi hatashangaa, kwani mafakihi wengi hawaikubali hukumu ya kadhi kwa manufaa ya mzazi au mtoto wake kwa sababu ya tuhuma tu, hata awe mwadilifu namna gani.

Shauri liliporudi jimboni bila Benjamin, Massey ilishinda tena. Huenda basi sheria ilikuwa upande wao tangu mwanzo. Lakini nani angemshawishi Caperton aamini hivyo?

Binafsi naona Missouri wana njia bora zaidi. Tangu 1940, kwa mahakama zao za juu, tume ya watu 7 (jaji mmoja, mawakili 3 na raia 3 wasio mawakili) huchuja waombaji na kumpelekea gavana majina 3, naye huteua mmoja ndani ya siku 60. Baada ya kutumikia walau mwaka mmoja, wananchi huulizwa swali moja tu: abaki au aondoke? Hana mpinzani. Akibaki, ana miaka 12. Wapo wanaolalamika kuwa mawakili wamepewa nguvu kupita kiasi ndani ya tume, na hoja yao si ya kupuuzwa. Hata Missouri kwenyewe, wilaya nyingi za vijijini bado huchagua majaji wao kwa tiketi za vyama.

West Virginia nao waliondoa vyama katika uchaguzi wa majaji kuanzia 2016. Wagombea bado huomba kura. Mwaka huo Benjamin aliomba tena, akashindwa.