Je, Ni Haki Mgeni Kulipa Nauli Kubwa Kuliko Mwenyeji?

Leo tunatazama swali ambalo kila anayevuka bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja hukutana nalo kwenye dirisha la tiketi. Safari ni moja, kiti ni kilekile, lakini nauli ni mbili: ya mkazi na ya asiye mkazi. Kwa miaka mingi nauli ya mkazi ilitajwa kwa shilingi na ya mgeni kwa dola, na hiyo ya pili, kwa daraja la kawaida dola 35, ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza. Je, hii ni haki?

Wengi hujibu haraka: mzungu ana pesa, alipe. Jibu hili tuliweke pembeni kwa sasa, maana halijatoa sababu. Limetaja tu mfuko wa mtu.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, anatofautisha haki ya kugawana vitu vya jumuiya na haki ya kubadilishana kati ya mtu na mtu. Mtakatifu Thomaso wa Akwino anaifuata njia hiyohiyo. Katika kugawana, watu hawapati sawasawa. Kila mmoja hupata kwa kadiri ya nafasi yake katika jumuiya. Katika kubadilishana, kinachotazamwa ni kitu chenyewe na thamani yake, si nani anayenunua. Basi swali la kwanza ni hili: nauli iko upande gani?

Inategemea chombo ni cha nani. Kama ni kivuko cha serikali, kilichonunuliwa na kinachoendeshwa kwa kodi, mwenyeji ameshalipa sehemu ya nauli yake kabla hajafika gatini. Kumtoza kidogo ni kugawana kilicho chetu. Mji wa Tallinn huko Estonia unafikiri hivyo: tangu Januari 2013 wakazi walioandikishwa husafiri bure, wengine hulipa. Luxembourg imechagua vingine. Tangu mwaka 2020 imefuta nauli kwa wote, raia na mgeni, isipokuwa daraja la kwanza la treni. Hatuoni kwamba mmoja wao amevunja haki.

Lakini boti ya mfanyabiashara haiendeshwi kwa kodi. Hapo hoja ya kodi inapungua nguvu sana, nasi tunaingia kwenye biashara. Thomaso, anapozungumzia udanganyifu katika kuuza na kununua, anasema jambo ambalo wauzaji wengi wasingependa kulisikia: muuzaji akipata hasara kwa kukitoa kitu, anaweza kuiingiza hasara hiyo katika bei; ila mnunuzi akifaidika sana na muuzaji asipoteze chochote, si halali kupandisha bei kwa sababu ya faida hiyo, kwa kuwa faida hiyo si mali ya muuzaji. Mtalii anayeitamani Unguja hajaongeza hata lita moja ya mafuta kwenye injini.

Atatokea mtu wa kutupinga kwa Biblia. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inamruhusu Mwisraeli kumtoza mgeni riba huku ikimkataza kumtoza ndugu yake. Thomaso aliijua hoja hiyo. Alijibu kwamba ruhusa ile ilitolewa ili kuepusha ubaya mkubwa zaidi, haikuwa kanuni ya wema. Na Mambo ya Walawi, sura ya 24, inadai sheria moja kwa mgeni na kwa mzalia.

Je, basi nauli mbili zifutwe? Hatufiki huko. Kwa mtu wa Unguja bahari ni barabara: anavuka kwenda hospitali, kuzika, kufuata mzigo wa duka. Kumpunguzia ni jambo jema. Tunachouliza ni bei ipi iliyo bei kamili. Kama mgeni analipa gharama halisi na faida ya kiasi, na mwenyeji amepunguziwa, hakuna aliyeibiwa. Kama mwenyeji ndiye anayelipa bei kamili na mgeni ameongezewa juu yake, huo ni unyang'anyi uliochapishwa kwenye kibao. Konda wa daladala anayemwongezea mgeni nauli kwa kuwa hajui bei hana hata kibao.

Tena tuangalie neno "mkazi". Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua dhidi ya Austria, ambako punguzo la nauli kwa wanafunzi lilitolewa, kimsingi, kwa wale ambao wazazi wao walipokea posho ya familia ya Austria. Sheria haikutaja uraia popote, lakini waliobaki nje walikuwa hasa wanafunzi wa nchi nyingine za Umoja.

Kwetu, mtalii wa siku nne anajulikana. Wapo wengine: mwanafunzi Mrundi mwenye kibali cha masomo, mkimbizi kutoka Kongo, mtawa Mkenya aliyetumwa parokia ya kisiwani. Hao si matajiri, na nauli ya mgeni inaweza kumla mmoja wao posho ya wiki nzima. Anayekaa dirishani akiangalia pasipoti au rangi ya uso badala ya kuuliza mtu anaishi wapi atawaweka wote fungu moja na mtalii, na sababu ile nzuri ya kumpunguzia anayeitegemea bahari kila siku itakuwa haimhusu tena yeyote kati yao.